Unafuga matumbawe nyumbani? Jihadhari na chokaa unayoyatilia

Na MWANDISHI WETU

MSOMAJI, je, umewahi kumtazama mtoto aliyesimama mbele ya tangi la kioo lenye samaki wa baharini? Husahau chakula, husahau hata televisheni. Samaki wa rangi ya machungwa hupenya baina ya miamba, kamba mdogo huchungulia na kurudi shimoni, nayo maji humeremeta chini ya taa.

Anayeanza kufuga samaki hao aghalabu hatosheki na samaki peke yao. Baada ya miezi michache hutamani matumbawe pia, ili tangi lake lifanane na ile bahari ya Malindi au Watamu aliyoiona siku alipopanda mashua yenye sakafu ya kioo. Hapo ndipo neno kalsiamu huingia nyumbani. Matumbawe yakikawia kukua, yakipauka au yakianza kufa, kila anayejiita mjuzi hutoa ushauri ule ule: yatilie kalsiamu. Mwenye tangi hununua kopo la unga mweupe, leo akatia kijiko kimoja, kesho viwili. Wapo hata wanaofikiria kutumia chokaa iliyobaki baada ya kupaka ukuta, au vidonge vya mifupa alivyoandikiwa nyanya hospitalini.

Kwa maoni yangu, matangi mengi ya nyumbani hayahitaji kopo hilo hata kidogo. Na machache yanayolihitaji yanataka vipimo, mkono mwepesi, na tahadhari ile ile tunayoweka kwa mafuta ya taa na jiko la makaa. Baadhi ya unga huo, ukimwingia mtoto jichoni, unaweza kumpofusha.

Jiwe linalokua

Tuanze na tumbawe lenyewe. Wengi hulidhania kuwa jiwe au mmea. Hasha! Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo, kila mmoja na mdomo na minyiri yake, wanaoishi pamoja juu ya mifupa waliyoijenga wenyewe. Mifupa hiyo ni kaboneti ya kalsiamu, kitu kile kile kilichomo katika ganda la yai na kombe la chaza. Mnyama huyu hutoa kalsiamu na kaboneti katika maji ya bahari na kuviunganisha, tabaka juu ya tabaka. Ndani ya mwili wake huishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo hutumia mwanga kumtengenezea chakula na ambayo humpa sehemu kubwa ya rangi yake.

Matumbawe ya matawi yanaweza kurefuka sentimita 10 au zaidi kwa mwaka. Yale makubwa ya mviringo huenda mwendo wa kobe, kiasi cha sentimita moja tu. Polepole hiyo ina faida yake. Katika Hifadhi ya Bahari ya Malindi wanasayansi walitoboa tumbawe kubwa la aina hiyo na kutoa kipande kirefu mithili ya mchi. Ndani yake kulikuwa na matabaka ya mwaka baada ya mwaka, kama pete za shina la mti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 katika jarida la Science, ambao miongoni mwa waandishi wake walikuwa Julia Cole, Tim McClanahan na Nyawira Muthiga, ulisoma humo habari za joto la bahari tangu 1801 hadi 1994. Utafiti mwingine wa mwaka 2007 ulipima madini ya bariamu yaliyonaswa katika tumbawe la huko huko, ukaonyesha jinsi udongo unaobebwa na Mto Sabaki ulivyoongezeka tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mifupa hiyo, kwa ufupi, imeandika historia ambayo hakuna karani aliyeiandika.

Wapwani nao waliijua mifupa hiyo karne nyingi kabla ya kopo la dukani. Kuta za mji wa kale wa Gede, misikiti ya Mnarani karibu na Kilifi, na Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga Mombasa mwaka 1593, zote ni mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa. Chokaa hiyo ilitokana na matumbawe pia. Mafundi walipanga magogo kwa duara, wakarundika vipande vya matumbawe juu yake, wakawasha moto. Joto likifikia kiasi cha digrii 900, jiwe hutoa hewa ya kaboni na kubaki chokaa kali. Chokaa hiyo ikinyweshwa maji huchemka na kupasuka, ikawa unga laini mweupe. Ukiupaka ukutani, unga huo huvuta tena hewa ya kaboni na polepole hurudi kuwa jiwe.

Nimeueleza mzunguko huo kwa sababu unga ule uliokwisha kunyweshwa maji, ambao wataalamu huuita kalsiamu hidroksidi, ndio huo huo unaouzwa leo kwa makopo ya wafuga matumbawe. Ulienea miongoni mwa wafugaji wa Ulaya baada ya kupendekezwa na mtaalamu Peter Wilkens katika miaka ya 1970. Hata leo maji yake huitwa kwa jina la Kijerumani, kalkwasser, yaani maji ya chokaa tu. Mzee wa Malindi anayetafuna tambuu kwa popoo, katu na chokaa angekutambulia kitu hicho bila kusoma lebo, na angekueleza pia kinavyochoma mdomo kikizidi.

Matumbawe yenyewe umeyapata wapi?

Kabla hatujafika kwenye vipimo, kuna swali ambalo halina budi kuulizwa. Ikiwa jibu lako ni kwamba uliyang'oa mwambani ulipokwenda likizoni, basi kalsiamu si tatizo lako la kwanza.

Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza kabisa barani Afrika, na leo husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ndani ya hifadhi hizo haichukuliwi chochote: si samaki, si tumbawe, si hata gome tupu la kauri. Matumbawe magumu na makombe makubwa yamo pia katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, ule unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vinavyohitaji ulinzi. Maana yake ni kwamba hayavuki mpaka bila kibali. Anayetaka kufuga ayatafute yale yaliyopandwa kutokana na vipande, yenye karatasi zake, na aone karatasi hizo kabla ya kutoa pesa.

Wenyeji wenyewe wanajua hasara ya kuchota bila kuacha. Wavuvi wa Kuruwitu, karibu na Vipingo katika Kaunti ya Kilifi, waliungana mwaka 2003 baada ya kuona bahari yao ikipungukiwa, kisha wakatenga kiasi cha hekta 30 zisivuliwe. Tengefu lao lilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2017. Kwa familia iendayo pwani, kulitazama tumbawe mahali lilipo bado ni rahisi kuliko kulifuga.

Je, tangi lako linahitaji?

Ikiwa tangi lako lina samaki peke yao, jibu ni la. Samaki hapungukiwi na kalsiamu katika maji ya bahari mazuri. Ikiwa una matumbawe laini, yale yanayopepea kama ngozi au vidole bila mifupa migumu, jibu ni karibu lile lile. Matumizi yao ni madogo, na kubadilisha maji mara kwa mara kunayatosheleza. Wanaohitaji kweli ni wenye matumbawe magumu yanayokua vizuri, makombe makubwa, au mwani ule wa waridi unaoganda juu ya mawe.

Lita moja ya maji ya bahari ya kawaida ina kalsiamu kama miligramu 410 hadi 420, na magnesiamu karibu 1,290. Kuna kipimo cha tatu ambacho wengi hukisahau, nacho ni ualkali, yaani akiba ya kaboneti na bikaboneti iliyomo majini. Vifurushi vya kupimia huuandika kwa alama ya dKH, na bahari ina kama 7. Katika tangi, wafugaji wengi hulenga kalsiamu kati ya 380 na 450, ualkali kati ya 7 na 11, magnesiamu 1,250 hadi 1,350, na pH kati ya 8.0 na 8.4.

Hapa naomba msomaji, hasa mwanafunzi wa kemia, atulie kidogo. Tumbawe linapojenga mfupa hutumia kalsiamu na kaboneti kwa pamoja. Kila linapotumia miligramu 20 za kalsiamu katika lita, ualkali hushuka kwa 2.8 hivi. Sasa piga hesabu. Miligramu 20 kutoka 410 ni asilimia 5 tu, wala hutaona tofauti. Lakini 2.8 kutoka 7 ni asilimia 40! Kwa hiyo tumbawe linalosimama kukua huku likisemekana limekosa kalsiamu, mara nyingi limekosa ualkali. Mwenye tangi huongeza kalsiamu wiki nzima, na njaa iko kwingine.

Kwa sababu hiyo, ukiwa na pesa za kununua kitu kimoja tu, nunua kifurushi cha kupimia, uache kopo. Pima kalsiamu na ualkali siku moja, usitie kitu, kisha pima tena baada ya siku nne au tano. Tofauti utakayoiona ndiyo chakula halisi cha matumbawe yako. Isipokuwepo tofauti, funga mfuko wako.

Wala usidhani kila tumbawe linalopauka limekosa madini. Mwaka 1998 El Niño ilipopandisha joto la Bahari ya Hindi, matumbawe ya Malindi na Watamu yaligeuka meupe na sehemu kubwa ikafa. Kalsiamu ya baharini haikuwa imepungua hata chembe. Kilichotokea ni kwamba joto lilizidi, na ile mimea midogo ikatoka mwilini mwa wanyama hao. Katika sebule ya Mombasa au Malindi mwezi wa Februari, tangi lisilo na feni linaweza kupata mkasa huo huo. Tazama kipimajoto kwanza. Digrii 24 hadi 27 ndizo salama.

Kalsiamu ya bure

Anayeishi pwani ana bahati ambayo mkazi wa Nairobi au Nakuru hana: kalsiamu, magnesiamu na ualkali viko mlangoni kwake, vimekwisha kuchanganywa kwa kipimo sawasawa. Akibadilisha sehemu ya kumi ya maji kila wiki, tangi la matumbawe machache huenda lisihitaji nyongeza nyingine.

Lakini si kila maji ya bahari yanafaa. Chota wakati maji yamejaa, mbali na mabomba ya maji machafu na bandari za mashua, na kamwe si baada ya mvua kubwa. Mkazi wa Malindi aangalie zaidi Mto Sabaki, unaoingia baharini kaskazini ya mji. Wakati wa kusi mkondo hupeleka udongo wake upande wa kaskazini, lakini kaskazi ikivuma, udongo huo hushuka kuelekea ghuba ya Malindi na maji huwa ya rangi ya chai ya maziwa. Maji hayo yana matope, na mafuriko yakiwa makubwa huwa na chumvi pungufu. Siku hizo nenda ukachote Watamu, au subiri.

Msomaji wa bara atauliza: kwa nini nisinunue chumvi ya Gongoni au Marereni, ambayo yatoka bahari hiyo hiyo ya Kilifi, nikaikoroga kwa maji? Swali zuri, na jibu lake linaonekana katika mabwawa yenyewe ya chumvi. Maji ya bahari yanapokaushwa na jua, kaboneti ya kalsiamu ndiyo inayoganda mwanzo, ikifuatwa na jasi, ambayo nayo ina kalsiamu. Vyote hivyo hubaki katika mabwawa ya awali. Chumvi ya mezani huganda baadaye, na magnesiamu nyingi huondoka na maji ya mwisho. Kinachofika jikoni ni chumvi tupu, tena imetiwa iodini kwa afya zetu. Kwa ugali na mchuzi haina kasoro, lakini kwa tumbawe ni jangwa. Wa bara anunue chumvi iliyotengenezwa kwa matangi ya baharini, aikoroge mpaka maji yafikie gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji, kisha apime kalsiamu kabla ya kuyatia.

Maji ya kujazia yale yaliyopotea kwa mvuke ni jambo jingine. Yawe maji baridi yaliyosafishwa, si ya chumvi. Visima vingi vya pwani vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, ndiyo sababu sabuni haitoi povu. Maji hayo yana kalsiamu tayari, pamoja na mengine usiyoyataka. Ya mvua yaliyotiririka juu ya mabati hubeba zinki, nayo huua wanyama wa aina hii, sawa na shaba.

Uchague kopo gani?

Tuseme umepima, umebadilisha maji, na bado vipimo vinashuka kila wiki kwa sababu matumbawe yako yamestawi. Hongera. Sasa una sababu ya kwenda dukani.

Chaguo la zamani na la bei nafuu ni ile chokaa, kalsiamu hidroksidi. Uzuri wake ni kwamba huongeza kalsiamu na ualkali kwa uwiano ule ule ambao tumbawe hutumia. Chagua iliyoandikwa kuwa ya kiwango cha chakula au cha dawa. Chokaa ya kupaka ukuta usiiguse, kwani ina chuma, alumini na takataka nyingine za machimboni. Ile ambayo haijanyweshwa maji ni hatari zaidi, maana huchemka inapogusana nayo.

Lita moja ya maji safi huweza kuyeyusha kama gramu moja na nusu tu, yaani kijiko kidogo cha chai, kilichosawazishwa, kwa lita mbili. Anayeanza atumie nusu ya hapo. Korogea katika chupa yenye kifuniko, iache itulie saa chache hadi mashapo yazame, kisha tumia yale maji maangavu ya juu badala ya maji ya kujazia mvuke. Yatie usiku, tone kwa tone. Mpira mwembamba wenye kidhibiti, kama ule wa dripu hospitalini, hufaa sana. Usiku ndipo pH ya tangi hushuka, na chokaa huipandisha. Maji hayo ya chokaa yana pH zaidi ya 12. Ukimimina kikombe kizima kwa mara moja, samaki watakosa raha, na huenda tangi zima likageuka jeupe kama tui la nazi, kalsiamu yote ikiganda na kuzama mchangani. Pima pH kila asubuhi katika wiki ya kwanza. Ikifika 8.5, simamisha.

Kwa mfano, tangi la lita 200 lenye mawe na mchanga huwa na maji halisi kama lita 160. Likipoteza lita mbili kwa siku na ukazijazia kwa maji ya chokaa yaliyoshiba, utaongeza kalsiamu kama miligramu 10 kwa lita na ualkali kama 1.4, kila siku. Si kiasi kidogo.

Chaguo la pili ni chupa mbili: moja ya kalsiamu kloridi, nyingine ya bikaboneti ya soda. Hii humfaa anayetaka kupandisha kitu kimoja bila kingine. Tuchukue tangi lile lile la lita 160, lenye kalsiamu 350, nawe unataka 410. Pengo ni miligramu 60 mara lita 160, yaani gramu 9.6 za kalsiamu. Kalsiamu kloridi ya kawaida, ile yenye maji ndani ya fuwele zake, ina asilimia 27 ya kalsiamu, hivyo unahitaji gramu 36 hivi. Usitie zote leo. Pandisha miligramu 20 kwa siku, yaani gramu 12 kila siku kwa siku tatu, ukipima kila jioni. Ualkali nao usipande zaidi ya digrii moja kwa siku.

Chupa hizo mbili zisikutane. Ukizichanganya katika ndoo moja, au ukazimimina mahali pamoja kwa wakati mmoja, huganda papo hapo na umetupa pesa zako. Tia moja asubuhi na nyingine jioni, kila moja mbele ya pampu ambapo maji yanakwenda kwa kasi. Na kwa bikaboneti, hakikisha ni ile soda safi ya kuokea, si bekingi pauda, ambayo ina asidi na mara nyingi fosfeti ndani yake. Magadi ya mawe, yale ya kulainishia maharagwe, yasitumike. Magadi ya Ziwa Magadi yana floraidi nyingi.

Ipo pia mitambo ambayo hupitisha hewa ya kaboni katika mchanga wa matumbawe makavu ili uyeyuke polepole. Ni ya matangi makubwa, na gharama yake si ya familia ya kawaida. Lakini inatufunza jambo: bila asidi hiyo, mchanga wa matumbawe uliotandaza chini ya tangi hauyeyuki vya kutosha katika maji yenye pH ya 8.2. Anayekuuzia mfuko wa makombe yaliyosagwa kama dawa ya kalsiamu anakuuzia pambo.

Vidonge vya binadamu nimevitaja mwanzoni. Vingi ni kaboneti hiyo hiyo isiyoyeyuka, pamoja na vitamini, gundi na ladha ya matunda. Mwachie nyanya dawa yake.

Ikiwa kalsiamu inakataa kupanda licha ya juhudi zako, pima magnesiamu. Ndiyo inayozuia kalsiamu na kaboneti kugandana ovyo majini. Ikiwa chini ya 1,200, unajaza ndoo iliyotoboka.

Kopo lisikae chini ya sinki

Chokaa huonekana kama unga wa ngano, na hapo ndipo hatari ilipo. Ikiloa huunguza ngozi, mdomo na hasa macho. Tofauti na asidi, ambayo huuma mara moja na kumfanya mtu aruke, chokaa huendelea kupenya ndani ya jicho hata baada ya maumivu kupungua. Anayeipima avae glavu na miwani ya kukinga macho, afunge feni, na watoto wawe chumba kingine. Unga utiwe ndani ya maji, si maji juu ya unga. Kalsiamu kloridi nayo hupasha maji joto inapoyeyuka, kwa hiyo tumia chombo cha plastiki kigumu na utie kidogo kidogo.

Usihifadhi maji ya chokaa katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata ukiandika juu yake. Mtoto wa miaka mitatu hajui kusoma, na mgeni mwenye kiu hasomi. Kopo likae kabatini juu, lenye kufuli, mbali na chakula.

Unga ukimmwagikia mtu ngozini, upanguse ukiwa mkavu kwanza, kisha osha kwa maji mengi. Ukiingia jichoni, usipoteze hata dakika moja kutafuta dawa. Fungua bomba au mimina maji safi kwa jagi, kope zikiwa zimeshikiliwa wazi, kwa dakika 20 hadi 30, kisha nenda hospitali ukiwa na kopo mkononi ili daktari aone ni kitu gani. Usitie siki, maziwa wala asali jichoni. Aliyemeza asukutue kwa maji, asilazimishwe kutapika, apelekwe hospitali.

Tangi lenyewe likipata dozi iliyozidi, acha kutia kila kitu, ongeza hewa kwa pampu ili pH ishuke, na badilisha sehemu ya maji. Usikimbilie kopo jingine la kusawazisha la kwanza.

Mwisho, juu ya kopo lililosahauliwa. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Kalsiamu kloridi huunyonya hadi ikawa uji, na hapo mizani yako hudanganya, kwa kuwa unapima maji. Chokaa nayo huvuta hewa ya kaboni kila kopo linapofunguliwa na hugeuka polepole kuwa jiwe, ingawa kwa macho bado ni unga mweupe ule ule. Kuijua, mtu mzima aliyevaa glavu na miwani achukue ncha ya kijiko cha unga huo, aitie katika kikombe chenye maji kidogo, kisha adondoshee siki. Chokaa nzuri huyeyuka kimya. Ikitoa povu jingi kama soda iliyotikiswa, imekwisha kurudi kuwa jiwe na haitayafaa matumbawe yako. Ifunge katika mfuko, uitupe, na ununue kopo dogo zaidi safari ijayo.